Ficha Leya, Usiifute

Anayechora kwa Krita, GIMP, Photoshop au ibisPaint hujenga mchoro wake kwa leya, mithili ya karatasi angavu za plastiki zilizopangwa moja juu ya nyingine: rasimu kwenye hii, mistari kwenye ile, rangi kwenye nyingine. Kando ya jina la kila leya pana alama ya jicho. Libofye, leya itatoweka; libofye tena, itarudi vilevile. Procreate ya iPad haina jicho, ina kisanduku cha tiki.

Wachoraji wengi wanaoanza hufuta rasimu mara tu mistari inapokamilika. Tafadhali ifiche tu. Mteja akisema mkono umekaa vibaya, utaihitaji rasimu ile kuliko kitu kingine chochote.

Tuseme unachora mwanamke aliyejifunga kanga. Nakshi za kanga zipe leya yake, kisha zifiche na utazame mwili ulio chini. Nyonga imekaa sawa? Goti linakunjika panapostahili? Nakshi nzuri huvuta jicho hadi kasoro ya umbo isionekane, na ukizificha kwa sekunde chache tu utaiona. Ukisharidhika, nakili leya ya nakshi, nakala moja ibaki nyekundu, nyingine iwe ya buluu. Onyesha moja, ficha ya pili, mteja achague.

Leya zikishakuwa nyingi, kubofya jicho mojamoja kunachosha. Kwenye Photoshop, shikilia Alt (kwenye Mac ni Option) ukibofya jicho la leya unayoitaka: itabaki hiyo peke yake. Rudia hivyohivyo, nyingine zitarejea. Kwenye GIMP na Krita shikilia Shift; kwenye Procreate gusa kisanduku bila kuachia.

Brashi ikikataa kuchora, angalia kwanza kama leya uliyoichagua imefichwa. Angalia na kundi pia, maana kundi likifichwa, leya zote za ndani hufichika hata kama macho yake yako wazi.

Pa kuwa makini zaidi ni wakati wa kutoa kazi. Picha ya PNG au JPEG hubeba kile kinachoonekana tu: kivuli ulichokificha kwa majaribio kitakosekana, na rasimu uliyosahau kuificha itachapishwa. Faili la kazi, kama PSD au XCF, hubeba yote. Ukimtumia mtu faili hilo, anaweza kufungua jicho na kuona picha ya mtu uliyoitumia kama kielelezo au maelezo uliyojiandikia, kwa hiyo vya siri viondoe kabisa kwenye nakala unayotuma. Leya iliyofichwa pia inaendelea kuchukua nafasi kwenye kifaa.

Kuna pia amri ya kuunganisha leya zote kuwa picha moja. Photoshop hukuuliza kwanza kama itupe zilizofichwa. GIMP huzitupa bila kuuliza. Kabla ya kuibofya, hifadhi faili kwa jina jingine.