Kwa Nini Sura Mpya ya Chombo cha Kuandikia Programu Humchosha Mtaalamu

Mtu anayeandika programu za kompyuta hushinda kutwa ndani ya programu nyingine, ambayo kazi yake ni kumhudumia yeye. Ndani yake mna mahali pa kuandikia maagizo, chombo cha kuyatafsiri maagizo hayo katika lugha ya mashine, na chombo cha kusakia makosa. Vyote vimewekwa pamoja kama vile seremala anavyopanga randa, msumeno na patasi. Katika makala haya tutaiita karakana. Kila baada ya miaka michache watengenezaji huitoa upya, na mara nyingine huibadilisha sura yote. Hapo malalamiko huanza, na la kustaajabisha ni kwamba aghalabu wanaolalamika zaidi ni wale waliobobea. Tutajaribu kueleza sababu.

Tuchukue mfano unaojulikana sana. Tarehe 29 Februari 2012 kampuni ya Microsoft ya Marekani ilitoa toleo la majaribio la karakana yake iitwayo Visual Studio. Watumiaji waliozoea toleo la mwaka 2010 walikuta kwamba picha ndogo za amri, ambazo awali zilikuwa na rangi, sasa zilikuwa karibu zote za kijivu, na vichwa vya madirisha viliandikwa kwa herufi kubwa tupu. Kampuni ilieleza kwamba ilikusudia kupunguza mapambo ili jicho la mwandishi lielekee kwenye kazi yake. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Hata hivyo malalamiko yalikuwa makali, na mwezi Mei kampuni ikatangaza kurudisha sehemu ya rangi. Lakini katika toleo lililofuata, majina ya orodha kuu ya amri yaliyo juu ya kioo nayo yakageuzwa kuwa herufi kubwa!

Je, rangi ina faida gani zaidi ya kupendeza? Mwaka 1980 Anne Treisman na Garry Gelade walichapisha nadharia kuhusu jinsi jicho linavyotafuta. Kitu chekundu kilichowekwa kati ya vitu vya kijani huonekana mara moja, hata idadi ya vile vya kijani ikiongezwa. Lakini kitu kinachotambulikana kwa kuunganisha sifa mbili, kama vile rangi na umbo, hutafutwa kimoja baada ya kimoja, na muda huongezeka kadiri vitu vinavyozidi. Basi mtu aliyezoea kwamba picha ya kuhifadhi kazi ni ya buluu hakuwa akiitafuta hata kidogo. Rangi ilipoondolewa, alilazimika kupambanua maumbo madogo yanayofanana, moja moja.

Kuhusu herufi kubwa, Miles Tinker wa Chuo Kikuu cha Minnesota alionyesha katika karne iliyopita kwamba maandishi yaliyopigwa kwa herufi kubwa tupu husomwa polepole kuliko ya herufi ndogo. Hata hivyo majaribio ya namna hiyo yanahusu maandishi marefu. Majina ya orodha ni neno moja moja, na kwa maoni yangu kelele juu ya jambo hili zilipita kiasi. Rangi ilikuwa jambo zito zaidi.

Gharama ya mazoea yaliyovunjika

Mwaka huohuo wa 1980, Stuart Card, Thomas Moran na Allen Newell walitoa njia ya kukadiria muda ambao mtumiaji mzoefu huuhitaji ili kutimiza kazi. Kupiga kitufe kimoja, kwa mpiga chapa hodari, ni sekunde 0.2, kuelekeza kipanya ni sekunde 1.1, kuhamisha mkono kati ya kipanya na vitufe ni 0.4, na kujiandaa akilini kabla ya tendo ni 1.35.

Sasa tukokotoe. Katika Visual Studio, amri ya kujenga programu inaweza kutolewa kwa vitufe vitatu vinavyobanwa pamoja, yaani sekunde 0.6. Kwa njia ya orodha, mkono huhama, kipanya huelekezwa na kubonyezwa mara mbili, kisha mkono hurudi: 0.4 + 1.1 + 0.2 + 1.1 + 0.2 + 0.4, jumla sekunde 3.4. Msomaji ataona kwamba hatukuhesabu ile 1.35 ya kujiandaa. Mzoefu hana haja nayo, kwa kuwa mkono wake unajua njia. Sura inapobadilika, 1.35 inarudi na jumla inakuwa 4.75, bila kuhesabu muda wa kutafuta kwa macho. Kwa amri 200 kwa siku, nyongeza hiyo peke yake ni sekunde 270, yaani dakika nne na nusu.

Mtu atasema dakika nne na nusu si kitu. Ni kweli, lau zingekuja kwa mkupuo mmoja. Lakini huja zikiwa vipande 200, na kila kipande hukata fikira. Nelson Cowan alikadiria mwaka 2001 kwamba akili hushika kwa wakati mmoja mafungu manne hivi ya habari. Anayesaka kosa tayari ameyajaza: thamani ya kigeu, sharti la mzunguko, mahali kosa lilipotokea. Swali la "amri ile iko wapi?" likiingia, moja kati ya hayo hutoka. Mwanafunzi mpya hapotezi kitu hapo, kwani hana mazoea ya kuvunjwa. Pengine kioo chenye mapambo machache humfaa.

Mwalimu naye ana shida yake: mwongozo wenye picha za toleo la zamani humpotosha mwanafunzi mwenye saa mbili tu za maabara kwa wiki. Afadhali mwongozo utaje jina la amri na vitufe vyake kuliko rangi au mahali pake, maana wakati wa mageuzi ya 2012 waliotegemea vitufe hawakusumbuka sana. Zaidi ya hayo, toleo la 2012 liliweza kuwekwa katika kompyuta moja na lile la 2010, na kazi nyingi zilifunguka katika yote mawili. Maabara yenye nafasi ya kutosha katika diski ingeweza kuwaacha wanafunzi wa mwaka wa mwisho wamalize kwa chombo walichokizoea, na wapya waanze na kipya. Herufi kubwa za orodha ziliwekewa njia rasmi ya kuzizima katika toleo la 2013.