Kabati la Visanduku: Samani ya Kuhifadhia Vitu kwa Wakaao Chumba Kimoja Kampala

Aliyekaa Kampala katika chumba cha kupanga, kile ambacho wenyeji hukiita muzigo, ambamo kitanda, jiko, vyombo, vitabu vya watoto na nguo za sikukuu hukaa pamoja baina ya kuta nne, anajua taabu ya kukosa mahali pa kuweka mali yake hata ikiwa chache. Na siku ya kuhama ilipomfikia alijua pia jinsi kabati zito, lililogongomewa likawa kitu kimoja, linavyokataa kupita mlangoni, hata likauzwa kwa thamani duni au likaachiwa mpangaji ajaye. Rai yetu, ndugu msomaji, ni kwamba samani ilifaayo jiji hili ni kiunzi kinachofunguka, chenye visanduku vinavyochomoka, vyote vya kipimo kimoja.

Maarifa haya yana asili ya kale katika Afrika Mashariki. Majumba ya mawe ya Lamu yalijengwa na zidaka ukutani, kila kidaka na chombo chake. Na kasha la Unguja, lenye njumu za shaba, lilifichwa ndani yake vijisanduku na saraka ndogo za kuwekea hati na vito. Tunaloliongeza sisi ni jambo moja, nalo ni kwamba kila sehemu iweze kutoka na kubebwa.

Kipimo ndicho roho ya kazi, wala mtu asishike msumeno kabla ya kukipanga. Bamba la plaiwudi la futi 8 kwa 4, yaani sentimita 244 kwa 122, lenye unene wa milimita 18, hutoa kwa urefu mikanda 3 ya upana wa sentimita 40, na kinachosalia ni kidogo sana baada ya msumeno kuchukua haki yake. Kila mkanda ukatwe nguzo ya sentimita 160 na ubao wa sentimita 77.4; hapo bamba moja limekupa nguzo 3, ubao wa juu, ubao wa chini, na wa tatu wa kukaza mgongo ili kiunzi kisiyumbe. Baina ya nguzo na nguzo hubaki nafasi ya sentimita 36. Kisanduku kiwe na upana wa sentimita 35.4 kwa nje, urefu wa kwenda juu 28, na kina 38, maana zile milimita 3 kila upande ndizo zitakazokiwezesha kuchomoka katika masika ya Machi hadi Mei, wakati mbao zinapovimba kwa unyevu.

Visanduku hukalia fito za sentimita 2 kwa 2 zilizofungwa kwenye nguzo, kila baada ya sentimita 32; safu 5 za visanduku viwili viwili, jumla 10. Parafujo za milimita 30 zatosha, ila katika nguzo ya kati zisielekeane, kwani nguzo hushikwa pande zote mbili na ncha zikikutana mbao hupasuka. Kwanza toboa tundu jembamba kwa keekee. Kiunzi kifungwe kwa parafujo bila gundi, maadamu kitafunguliwa siku ya safari. Visanduku ndivyo vipakwe gundi, na kabla haijakauka pima kutoka pembe hadi pembe, vipimo vyote viwili vilingane.

Ndani ya kisanduku weka vigawanyo vya plaiwudi nyembamba, kila kimoja kimechanjwa mpaka nusu ya kimo chake ili kipandane na mwenzake kwa umbo la msalaba, bila msumari. Leo ni vyumba vinne vya viungo na chumvi, kesho ukaving'oa ukaweka sufuria.

Kuhusu mti, fundi wa Ndeeba au Bwaise atakusifia mvule na mugavu, na kwa haki, ila uzito wake haukubaliani na kitu cha kubebwa. Visanduku vya plaiwudi ya milimita 12, au vya msonobari uliokaushwa vyema, vyafaa zaidi. Ukinunua msonobari chunguza vitobo vidogo vyenye unga, ndiyo alama ya dumuzi, na uupake dawa kabla ya rangi.

Wakaao mabonde ya Bwaise na Kalerwe, ambako mifereji ya Lubigi na Nsooba hufurika, wainue kiunzi juu ya matofali imara, waweke sufuria safu ya chini, na vyeti, unga na dawa safu ya juu. Usiku maji yanapoingia, mama huchomoa kisanduku cha vyeti akamshika mtoto kwa mkono mwingine. Kwa hiyo kisijazwe kupita awezavyo kukiinua peke yake.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni watoto, ambao huzipanda safu kama ngazi. Funga kiunzi ukutani kwa vyuma vya pembe viwili, baada ya kumwomba mwenye nyumba ruhusa ya kutoboa. Andika namba chini ya kila kisanduku na nyuma ya kila nguzo, na parafujo zikifunguliwa zifungwe katika kitambaa zikae ndani ya kisanduku namba 1.