Mafuta ya mwilini hayatoki kwa jasho

Mafuta yaliyohifadhiwa mwilini huondokaje?

Huunguzwa kipande kwa kipande. Mwaka 1904 Mjerumani Franz Knoop aliwalisha mbwa asidi za mafuta alizozibandika pete ya benzini, ambayo mwili wao hauwezi kuiunguza, kisha akachunguza mkojo. Minyororo yenye kaboni shufwa iliacha mabaki ya aina moja, na ile ya kaboni witiri mabaki ya aina nyingine. Hilo lilielezeka kwa njia moja tu: mwili hukata kaboni mbilimbili. Asidi ya palmitiki, iliyo tele katika mawese, ina kaboni 16. Hukatwa mara 7, vipande 8 vinapatikana, navyo huunguzwa kwa oksijeni ndani ya mitokondria za seli.

Mbona nikijifunga plastiki tumboni nikatoka jasho, mizani hushuka?

Umepoteza maji, na ukinywa yatarudi. Mafuta yakishaungua hubaki kaboni dioksidi na maji, na hesabu ya atomu inaonyesha kwamba katika kila kilo 10 za mafuta, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi. Atakayesema basi tuheme kwa kasi amekosea vilevile: gesi hiyo hutokana na kazi ya seli, na kuhema ovyo hakuiongezi kazi hiyo, huleta kizunguzungu tu.

Vidonge vya karnitini je?

Wauzaji wanaodai vinaunguza mafuta wana pa kushikia, maana asidi ndefu za mafuta haziingii mitokondria bila kubebwa na karnitini. Ila mtu mzima wa afya hujitengenezea karnitini ya kumtosha katika ini na figo, na nyama humwongezea. Kizuizi kiko kwingine. Baada ya mlo wa wanga insulini hupanda, seli hutengeneza kwa wingi kemikali iitwayo malonili-CoA, nayo hulifunga lango la mitokondria hata kama karnitini imejaa. Anayeshindia chai ya sukari na maandazi hulifunga lango hilo kutwa nzima. Je, kuacha wanga pekee kunatosha? Hapana. Lango likifunguka, mafuta ya chakula nayo hupita humo, kwa hiyo akiba hupungua pale tu nishati inayotumika inapozidi inayoliwa. Mwenye kisukari anayetumia insulini asijaribu kuacha wanga wala kufunga kula kabla ya kuonana na daktari wake, kwani sukari yake inaweza kushuka kwa hatari.