Kufinyika kwa Utumbo Mwembamba: Dalili, Vyanzo na Tiba

Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6, na upenyo wake haufiki sentimita 4. Sehemu yake fupi tu ikifinyika, chakula hupita kwa shida.

Dalili
Mgonjwa hupata maumivu ya kusokota yanayokuja na kuondoka, hasa baada ya kula. Tumbo hujaa na kunguruma. Chakula kikishapenya, hupata nafuu. Wengi hujizoeza kula kidogo ili wasiumwe, nao hukonda. Kwa kuwa maumivu hufuatana na mlo, baadhi hutibiwa vidonda vya tumbo kwa miezi mingi bila mafanikio.

Vyanzo
Njia hufinywa na uvimbe wa ugonjwa ulio hai, au na kovu linalobaki kidonda kinapopona. Mara nyingi vyote viwili huwapo. Kifua kikuu cha utumbo ni chanzo muhimu katika Afrika Mashariki. Vimelea vyake humezwa pamoja na makohozi, husafiri kwa damu, au huingia kupitia maziwa yasiyochemshwa. Hupendelea mwisho wa utumbo mwembamba, mahali ambapo ugonjwa wa Crohn nao hushambulia zaidi. Vyanzo vingine ni saratani, tiba ya mionzi, na matumizi ya muda mrefu ya dawa za maumivu kama diklofenaki.

Uchunguzi
Picha ya CT huonyesha mahali palipofinyika na urefu wake. Kifua kikuu na Crohn hufanana sana, hivyo vipande vya nyama ya utumbo huchukuliwa na kupimwa. Hatua hii haipaswi kurukwa: dawa za steroidi hutuliza Crohn, lakini zikitolewa kwa mwenye kifua kikuu asiyetibiwa, huweza kuueneza ugonjwa mwilini. Eksirei safi ya kifua haiondoi uwezekano wa kifua kikuu cha utumbo.

Tiba
Dawa za kifua kikuu hutumiwa kwa kawaida kwa miezi 6. Huua vimelea na kupunguza uvimbe, ila haziyeyushi kovu. Kovu huweza hata kukaza wakati ugonjwa unapona. Kwa hiyo, mgonjwa anayeendelea kusokotwa baada ya kumaliza dozi achunguzwe upya. Kovu fupi linalofikiwa na mpira wa uchunguzi huweza kupanuliwa kwa puto. Vinginevyo, daktari wa upasuaji huukata utumbo kwa urefu na kuushona kwa upana, ili njia ipanuke bila sehemu yoyote kuondolewa. Mbinu hiyo ilielezwa nchini India mwaka 1977 kwa wagonjwa wa kifua kikuu, kisha ikatumika Oxford kwa wagonjwa wa Crohn. Sehemu iliyoharibika kabisa huondolewa.

Wakati wa kusubiri tiba, vyakula laini kama uji na viazi vilivyopondwa hupita kwa urahisi kuliko makande au embe lenye nyuzi.

Dharura
Kutapika mfululizo, tumbo kuvimba, na kushindwa kutoa choo wala hewa ni dalili za utumbo kuziba. Mgonjwa asipewe chakula wala dawa ya kuharisha. Apelekwe hospitali mara moja.