Ndugu Zako Ni Nani? Somo kwa Wakatekumeni



Amri ya nne ya Mungu yatuagiza kuwaheshimu baba na mama. Heshima hiyo haiishii kwao wawili. Yawafikia pia waliowazaa wao, na ndugu wote waliotoka katika shina hilo. Lakini mtu atawaheshimuje ndugu asiowajua? Kwa hiyo leo twajifunza kuutafuta ukoo.

Mfano wa Maandiko Matakatifu

Tobiti, mtu wa kabila la Naftali, alichukuliwa mateka mpaka Ninawi. Huko ugenini hakuacha kumfundisha mwanawe Tobia habari za wazee wao. Kijana Tobia alipofika nchi ya Umedi, nyumbani mwa Ragueli, aliulizwa ametoka wapi, na kama amjua Tobiti. Akajibu kwamba huyo ndiye baba yake. Mara Ragueli akamkumbatia na kulia. Swali moja na jibu moja viliwakutanisha ndugu ambao hawajapata kuonana.

Mambo ya Kambove

Wengi wetu tu wajukuu wa watu waliosafiri. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilitafuta wafanyakazi wa migodi ya shaba mbali sana: Kasai, Lomami, Ruanda-Urundi, na Rodezia ya Kaskazini, ndiyo Zambia ya leo. Mwaka 1928 reli ya Bukama hadi Ilebo ilikwisha, ikawarahisishia watu wa Kasai njia. Kisha katika miaka 1992 na 1993 maelfu ya watu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakaacha nyuma nyumba, wakwe na makaburi. Basi wako kwetu wasiojua babu yao alitoka wapi, na wengine wasiojua shangazi yao alikwenda wapi.

Jambo zito la ndoa

Kanisa lakataza ndoa ya ndugu wa damu mpaka daraja la nne, yaani mpaka watoto wa ndugu wawili. Hesabu hivi: kutoka kwako hadi baba yako, daraja la kwanza; hadi babu yako, la pili; shuka kwa shangazi yako, la tatu; hadi mtoto wake, la nne.

Walamba na Wabemba huhesabu ukoo kwa mama. Waluba wa Kasai huhesabu kwa baba. Kanisa lahesabu pande zote mbili. Kijana ajuaye upande mmoja tu aweza kumposa mtoto wa shangazi yake bila kujua. Afadhali kuuliza kabla ya posa kuliko kulia baada ya mahari.

Jinsi ya kutafuta

1. Anza na wazee, wangali hai. Uliza majina ya ubatizo na ya nyumbani, kijiji, na mto ulio karibu. Maana kijiji huhama na kubadili jina, bali mto hubaki.

2. Mzee akisema, «Huyu ni ndugu yangu,» uliza kwa adabu: baba mmoja? mama mmoja? Neno ndugu ni pana.

3. Asipoujua mwaka, uliza kama jambo lilitokea kabla ya Uhuru wa mwaka 1960 au baadaye.

4. Mwendee Padri. Katika kitabu cha ubatizo huandikwa jina la aliyebatizwa, wazazi wake, wasimamizi, mahali na siku. Baadaye ndoa yake huandikwa papo hapo. Parokia yetu yaweza kuiandikia parokia ya mbali.

Onyo

Mtakatifu Paulo alimwonya Timoteo juu ya orodha za vizazi zisizo na mwisho, ziletazo ubishi. Tusitafute ukoo kwa majivuno, wala kwa kudai mali, wala kwa kufufua visasi. Na asiyempata ndugu asivunjike moyo: kwa Ubatizo ataingia katika jamaa ya watoto wa Mungu, ambamo hakuna yatima.

Maswali

*Kwa nini twautafuta ukoo wetu?*
Ili tuishike amri ya nne, tuwapende ndugu walio mbali, na tuilinde Ndoa Takatifu.

*Kanisa lahesabu udugu upande gani?*
Upande wa baba na upande wa mama pia.

Kazi ya juma hili

Andika majina ya babu na bibi zako wanne, na mahali alipozaliwa kila mmoja. Usilolijua, kamwulize mzee kabla ya Dominika, kisha uwaombee wote, walio hai na marehemu.