Ukienda Kazi za Nje: Mwongozo kwa Vijana na Wazazi wa Kericho na Bomet

Kijitabu hiki ni cha kijana wa Litein, Sotik, Longisa au Kipkelion ambaye ameshapata pasipoti na anangoja visa. Pia ni cha mzazi wake. Majani chai hayawezi tena kuwaajiri vijana wetu wote: mashine za kuchuma zimechukua kazi za mikono mingi katika mashamba makubwa, na hasira ya jambo hilo ilionekana Mei 2023, mashine zilipoteketezwa Kericho. Wengi sasa wanatazama Riyadh, Jeddah, Doha na Dubai, hasa wasichana wanaokwenda kufanya kazi za nyumbani.

Eneo letu linajua ugeni. Tangu Brooke Bond na James Finlay walipofika miaka ya 1920, kambi za mashamba ya chai zimekaliwa na Wakisii, Wajaluo na Waluhya, na wengi wa watoto wao wanazungumza Kikipsigis bila kusahau kwao. Baba Puran Singh, mzee wa dini ya Sikh aliyeishi Kericho miaka mingi, alihamia Birmingham, Uingereza, miaka ya 1970 akaanzisha huko jumuiya kubwa ya kidini. Hata kule waumini wake waliendelea kumwita kwa jina la mji wetu.

Mila ni kitu kimoja, dhuluma ni kingine

Utaambiwa mara nyingi, "Huko ndivyo wanavyoishi, vumilia tu." Atakuambia wakala, pengine hata shangazi yako. Ushauri huo umewaumiza wasichana wengi, kwa sababu unachanganya mambo mawili. Mila za wenyeji ziheshimu hata kama hujazizoea. Dhuluma usiivumilie, na usikubali mtu aipake rangi ya mila.

Tuanze na mila. Kwetu Bomet kumnyima mtu mkono ni dharau. Saudi Arabia, mwanamke hatangulizi mkono kwa mwanamume asiye wa familia yake; toa salamu kwa mdomo, inatosha. Vaa nguo pana zinazofunika mwili, hata ndani ya nyumba wakiwepo wanaume. Mwezi wa Ramadhani usile wala kunywa mbele ya watu mchana. Nyumba nyingi hukesha mwezi huo: jikoni kunachangamka jioni kabla ya futari, na daku huandaliwa usiku wa manane. Basi mapema kabisa zungumza na mwenye nyumba kuhusu saa zako za kulala. Na angalia saa yenyewe. Riyadh na Doha wana majira yaleyale ya Nairobi, lakini hawahesabu saa kwa Kiswahili. Wakikuambia saa saba asubuhi, ni saa yetu ya moja.

Jambo linalowasumbua mabinti wetu kuliko chakula au joto ni ukimya. Binti wa Kikipsigis amelelewa kuinamisha macho na kunyamaza mkubwa anapozungumza. Mama wa nyumba ya Kiarabu asiyejua malezi hayo anaweza kudhani umenuna, au hujaelewa, naye akapandisha sauti. Wewe unazidi kuinama. Mtazame. Rudia alichokuagiza: "Kwanza nguo, kisha watoto." Usichokielewa kiulize siku ya kwanza. Kuuliza hakukuondolei adabu uliyofunzwa na mama yako.

Sasa dhuluma. Kanuni za wafanyakazi wa nyumbani zilizoanza kutumika Saudi Arabia Oktoba 2024 zinasema kazi isizidi saa 10 kwa siku, upate mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na mwajiri asishikilie pasipoti yako. Qatar imeweka mshahara wa chini wa riyali 1,000 kwa mwezi tangu Machi 2021, na wafanyakazi wa nyumbani wamo. Kwa hiyo kunyimwa chakula, kupigwa, kushikwashikwa, kufungiwa ndani au kufanyishwa kazi katika nyumba ya dada wa mwajiri bila ridhaa yako si utamaduni wa mtu yeyote. Sheria zao wenyewe zinakataa.

Sheria hizo zinakubana na wewe pia. Usipige picha ndani ya nyumba wala kuweka video ya watoto wa mwajiri mtandaoni. Saudi Arabia, kuingilia faragha ya mtu kwa kamera ya simu kunaweza kukufunga hadi mwaka mmoja. Kupika au kuuza pombe ni kosa. Mapenzi nje ya ndoa ni kosa, na msichana anayejifungua huko bila cheti cha ndoa hupata taabu kubwa kumpatia mtoto hati za kusafiria. Tunalisema wazi kwa sababu wengi hulijua wakiwa wamechelewa.

Ukitoroka na kuwa "kemboi", kama Wakenya wa huko wanavyowaita waliokimbia waajiri, kibali chako cha kuishi kinaweza kufutwa na polisi wakakukamata. Kama maisha yako yamo hatarini, ondoka, lakini nenda moja kwa moja ubalozi wa Kenya. Nambari yake iandike kwenye karatasi na uihifadhi mbali na simu.

Kwa mzazi

Kabla mtoto hajaondoka, hakikisha wakala yumo katika orodha ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Msiuze ng'ombe wala kukodisha shamba la chai kumlipia msichana wa kazi za nyumbani tiketi na visa. Gharama hizo ni za mwajiri. Weka nyumbani nakala ya mkataba na ya pasipoti, pamoja na jina na simu ya mwajiri.

Kisha punguzeni orodha ya mahitaji. Mshahara wa kwanza si bonasi ya chai ya kugawia ukoo mzima. Mtoto anayepigiwa simu kila jioni kuhusu karo, harambee na deni la duka huogopa kusema kwamba anapigwa, maana anaona akirudi atawaangusha. Mwambieni kwa maneno yanayosikika kwamba mlango uko wazi hata akirudi mikono mitupu.

Akinyamaza ghafla, msingoje mwezi uishe. Nendeni kwa wakala mkiwa na nakala zenu. Asipowasaidia siku hiyohiyo, andikeni taarifa polisi na kuipeleka kwa idara ya serikali inayoshughulikia Wakenya walio nje.