Mkataba wa kisima: "maji safi" ni maneno mawili yasiyotosha

Mama mmoja alinijia kliniki na binti yake wa miaka minane. Mtoto hakuwa mgonjwa. Shida ilikuwa meno yake ya mbele, yale ya utu uzima yanayotakiwa kumtumikia hadi uzeeni. Yalikuwa yameota na madoa ya rangi ya hudhurungi, na wenzake darasani walikuwa wameanza kumcheka hata akawa anafunika mdomo kwa kiganja kila anapozungumza. Mama alidhani ni uchafu, na tayari alikuwa amembadilishia dawa ya meno mara tatu.

Nilimwuliza wanakunywa maji ya wapi. Akajibu, tena kwa fahari kidogo, kwamba tangu wahamie ploti yao hapa Nairobi, mtoto akiwa na mwaka mmoja, hawajui taabu ya mifereji kukauka. Mwenye nyumba alichimba kisima chake mwenyewe.

Madoa ya namna ile hayatolewi kwa mswaki. Husababishwa na floraidi, madini yanayotoka katika miamba ya volkano na kuyeyukia ndani ya maji. Floraidi kidogo huimarisha meno. Ikizidi, huharibu meno yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, yaani katika miaka ya kwanza ya maisha, na yakishaota basi yameota. Anayeyanywa maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huweza hata kuumia mifupa na viungo. Shirika la Afya Duniani, WHO, limeweka kipimo cha juu kuwa miligramu 1.5 kwa kila lita. Visima vingi virefu vya Nairobi na vya Bonde la Ufa hupita hapo. Wala usijidanganye kwamba utayachemsha. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki, kwa hivyo unayazidisha.

Mwenye nyumba yule ni mtu muungwana. Alipoelezwa, alikuja kliniki mwenyewe na bahasha yenye mkataba wa kisima na cheti cha maabara. Mkataba ulikuwa na kurasa nne. Ulitaja bei ya kila mita, unene wa mabomba, aina ya pampu na lita zitakazopatikana kwa saa. Kuhusu ubora wa maji ulikuwa na maneno mawili tu: "maji safi". Cheti nacho kilionyesha kwamba maji yalipimwa mara moja, kwa sampuli iliyopelekwa na mchimbaji mwenyewe, na yakachunguzwa vijidudu tu. Floraidi haikutajwa popote. Tulipoyapima upya, ilikuwa miligramu 4 kwa lita.

Msomaji, yamkini wewe ni mwanakamati wa mtaa, au wa kanisa au msikiti, au wa shule inayopanga kuchimba kisima. Unajua kwamba kabla ya kuchimba ni lazima upate kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji na uajiri mchimbaji mwenye leseni. Hayo yasimamie. Lakini kibali hakitakulinda kama karatasi unayoitia sahihi inalipia mita na lita peke yake. Mchimbaji atakupa ulichomlipa akupe.

Ili kuandika mkataba wa haki, tenga kwanza mambo mawili. Kuna uchafu ambao mchimbaji ana uwezo wa kuuzuia, na kuna madini ambayo Mungu aliyaweka mwambani na hakuna mchimbaji wa kuyaondoa.

Uchafu wa kwanza hutoka juu. Ni maji ya vyoo vya shimo, ya matangi ya maji taka, ya mitaro na mazizi, yanayoteremka pembeni mwa bomba na kuingia kisimani kana kwamba yamewekewa ngazi. Humo ndimo mna viini vya homa ya matumbo na kipindupindu, na pia nitrati, ambayo huzuia damu ya mtoto mchanga anayenyweshwa maziwa ya chupa isibebe hewa, hadi midomo yake ikageuka samawati. (Nasi madaktari tuna hatia yetu. Mgonjwa yule yule huandikiwa dawa ya homa ya matumbo mara tatu kwa mwaka, na hakuna anayemwuliza habari ya kisima.)

Kinga yake ni saruji. Nafasi iliyo kati ya bomba na ukuta wa shimo, sehemu ya juu, hujazwa saruji ili maji ya juu yasipate njia. Kazi hii ikishafunikwa haionekani tena, ndiyo maana huwa ya kwanza kupunjwa. Mtaalamu wako wa maji ya ardhini akuambie saruji iteremke mita ngapi, na idadi hiyo iandikwe mkatabani. Andika pia kwamba saruji haitamiminwa mpaka mwakilishi wako awepo, na kwamba mdomo wa kisima utainuliwa juu ya ardhi, ufunikwe na kuzungushiwa sakafu ya zege. Tangi la dizeli la jenereta likae mbali.

Kuhusu floraidi, usimlazimishe mchimbaji kuahidi asichoweza. Mdai ukweli. Tabaka moja la maji hutofautiana na jingine, na huenda lile lenye madini mengi likazibwa. Kipengee kinaweza kusema hivi: "Mchimbaji atachukua sampuli katika kila tabaka lenye maji, na floraidi ikizidi miligramu 1.5 kwa lita atamjulisha mteja kwa maandishi kabla ya kuweka pampu." Mita alizochimba umlipe kama kawaida. Ukimtishia kwamba hatalipwa kwa kosa la mwamba, utakuwa umemfundisha kuficha.

Sasa nije kwenye upimaji wenyewe, maana hapa ndipo tunapofumbwa macho. Sampuli isichukuliwe na anayesubiri kulipwa. Ichukuliwe na mfanyakazi wa maabara, wewe ukishuhudia, na maabara iwe ya serikali au iliyoidhinishwa na KENAS. Ya madini ichukuliwe mwishoni mwa jaribio la kusukuma maji, ambalo aghalabu huendelea kwa saa 24. Maji ya dakika za kwanza hayasemi kweli. Ya vijidudu ina hila yake. Kisima kipya hutiwa klorini, na ukichota klorini ikingali ndani, majibu yatakuwa mazuri ajabu. Subiri mpaka imesukumwa yote ikaisha, kisha urudie baada ya majuma mawili. Sampuli hiyo ikae kwenye barafu na ifike maabara siku iyo hiyo. Majibu yanayofaa ni kutokuwa na kijidudu hata kimoja cha kinyesi katika mililita 100, na nitrati isiyozidi miligramu 50 kwa lita.

Asilimia 10 ya malipo ibaki mkononi mwako hadi uone majibu hayo, pamoja na kumbukumbu za uchimbaji: kina, matabaka, mahali saruji ilipofika. Bila kumbukumbu hizo, fundi wa miaka kumi ijayo atakuwa anapapasa gizani.

Kisima hubadilika. Jirani huchimba choo, mvua hufurika, pampu hushusha maji ya ardhini mwaka hata mwaka. Kwa hivyo mkataba wa pili, ule wa anayehudumia pampu, utaje upimaji wa vijidudu kila miezi mitatu na baada ya mafuriko, madini mara moja kwa mwaka, na kina cha maji kila mwezi. Utaje pia ni nani atakayelipa. Nimeona kamati tatu zikivunjika kwa kipengee hicho kimoja.

Na wewe mpangaji, usidhani hayakuhusu. Unapotia sahihi karatasi ya nyumba, omba iandikwe kwamba majibu ya maabara yatabandikwa mlangoni mwa ploti, na kwamba vijidudu vikionekana mtaarifiwe siku hiyo hiyo ili mchemshe maji.

Yule binti, daktari wa meno ameweza kuyafunika madoa ya meno mawili. Mwenye nyumba ameweka tangi la maji ya mvua kwa kunywa na kupikia, na maji ya kisima sasa ni ya kufulia na kuoga. Mama ana mtoto mwingine wa miaka miwili. Meno yake ya utu uzima ndiyo kwanza yanajengeka, na kila asubuhi chupa yake hujazwa kwenye tangi hilo.